Maswali Yenu: Chumba Kimoja, Kazi Tano

Barua za safari hii zimelalia upande mmoja. Wasomaji wa Unguja na Pemba wanauliza juu ya vituo vya kujisomea vya vyuo vikuu, na neno linalorudi katika kila barua ni "chumba kinachobadilika": asubuhi mhadhara, mchana makundi, usiku kujisomea. Tumechagua saba.

Tuna chumba cha mita 12 kwa 8, dari mita 3.2. Uongozi unataka kichukue wanafunzi 70 kwa kazi zote, na mchoraji ameweka kiambaza cha kukunja katikati. Je, 70 wataingia? Na kiambaza kikae wapi? (Mhadhiri, Tunguu)

Mwalimu, 70 wataingia, ila kwa kazi moja tu. Eneo lenu ni mita za mraba 96. Watu wakikaa safu kwa safu kwenye viti vyenye kibao cha kuandikia, kila mmoja anahitaji mita za mraba 1.3 hadi 1.5 pamoja na njia, kwa hiyo hapo mnapata 64 hadi 73. Mkileta meza za makundi, hesabu inapanda hadi 2.2 au 2.5 kwa kila mtu, na chumba kinabaki cha watu 40. Andikeni 40 kwenye mchoro. Chumba kilichojazwa viti 70 hakibadiliki hata meza zake zikiwa na magurudumu manane, maana hazina pa kwenda.

Na kabla ya meza, tengeni stoo. Watu wengi husahau jambo hili, na ndilo linaloua vyumba vya aina hii. Viti 40 vikipandanishwa vinane vinane vinakula karibu mita za mraba 2. Meza 20 za watu wawili wawili, zile ambazo uso wake hulazwa wima zikaingiana, zinakula mita za mraba 6 au zaidi kidogo. Jumla ni 8, basi chukueni 10 mpate na pa kupitia. Stoo iwe ndani ya chumba au ufungue mlango tu uifikie. Ikiwa ghorofa ya chini kabisa, au ufunguo wake uko afisi nyingine, wiki ya pili hakuna atakayepanga upya kitu.

Sasa kiambaza. Kiwekeni kifuate upepo, kisiukate. Kaskazi hupiga kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi; kusi hushika baada ya hapo mpaka kama Oktoba. Ikiwa kuta zenu ndefu zinatazama kaskazini na kusini (na kwa jua letu ndivyo zinavyotakiwa), kiambaza kitoke ukuta wa kaskazini hadi wa kusini. Kila nusu, mita 6 kwa 8, itabaki na madirisha pande mbili, upepo uingie huku utokee kule. Kikipita kwa urefu wa chumba, nusu moja itapata pa kuingilia upepo bila pa kutokea, na hatuna haja ya kueleza hali ya chumba hicho saa nane mchana mwezi wa Machi. Mwanga nao unafuata kanuni hiyo hiyo. Mwanga wa dirisha hufika ndani kama mara mbili ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha likiishia mita 2.4, mwanga utafika mita 4.8. Kutoka pande mbili unakutana katikati ya mita zenu 8 bila taa. Msisahau kivuli cha upande wa kaskazini: mwezi wa Juni jua la adhuhuri kwetu liko upande huo, na dirisha la kimo cha mita 1.5 linataka upenu wa sentimita 85 au 90.

Mapangaboi na taa vipangwe kwa gridi itakayofaa chumba kikiwa kizima na kikiwa nusu. Mapangaboi manane, safu mbili za manne, vitovu vikiwa mita 3 kwa urefu wa chumba na mita 4 kwa upana: hapo kiambaza kinapita katikati, na ncha za mapanga zinabaki sentimita 80 mbali nacho. Mapanga yasishuke chini ya mita 2.4 kutoka sakafuni, na taa zisiwekwe juu yake, vinginevyo mwanga utakuwa unapepesa kwenye daftari mchana kutwa. Swichi za kila nusu ziwe ndani ya nusu hiyo. Tunalisema kwa sababu kosa hili ni la kawaida mno: kiambaza kinafungwa, na watu wa upande huu wanagonga wakiomba wa upande wa pili wawazimie taa.

Kiambaza chenyewe ni kizito. Cha kuzuia sauti huwa na kilo 25 hadi 50 kwa mita ya mraba. Chenu, mita 8 kwa 3.2, kikiwa na kilo 35 kitafika karibu kilo 900, na zote zinaning'inia kwenye reli moja. Bimu ikilegea hata milimita 10, vipande vitakwama katikati ya safari na mafundi watalaumu reli. Mhandisi apewe uzito huo kabla ya kumwaga zege. Juu ya reli, ndani ya dari, jengeni ukuta mwepesi mpaka ufike zege la juu. Bila hivyo sauti itapanda darini na kushukia upande wa pili, na fedha ya kiambaza imepotea. Kisha kila nusu iwe na mlango wake wa kutokea, unaofunguka kwa nje. Mhadhara ukizidi watu 60, milango miwili si hiari tena.

Lakini ulizeni kwanza: nani atakifungua, na kwa dakika ngapi? Zikizidi tano, kiambaza kitabaki katika hali moja mwaka mzima. Kama jibu lenu ni "tutaona", jengeni vyumba viwili vya mita 6 kwa 8 vyenye mlango mpana kati yao. Si fedheha.

Nimetengeneza meza 30 za magurudumu kwa chuo kimoja. Mwaka haujaisha: vigurudumu vinang'oka, nyuso zimepinda, miguu ina kutu. Nilitumia chipubodi ya milimita 18 na skrubu za mbao. (Seremala, Chake Chake)

Bwana fundi, jibu umelitia ndani ya swali. Chipubodi katika unyevu wa Pemba huvimba kuanzia ukingoni, na skrubu iliyoshika unga wa mbao haishiki tena baada ya kuvimba mara moja. Kila meza inaposukumwa, kigurudumu kinaivuta skrubu kando. Miezi michache inatosha. Kigurudumu kisishikwe na ubao kabisa. Kifungwe kwenye fremu ya chuma kwa bolti ya M8 (kipenyo milimita 8) na nati ya kujifunga, ile yenye pete ya plastiki ndani.

Uso uwe plaiwudi ya baharini ya milimita 18, na fomaika ibandikwe juu na chini. Hapo ndipo penye siri ya kupinda: ubao uliofunikwa upande mmoja tu hunywa unyevu kwa upande wa pili, ukatanuka, ukageuka sahani. Kingo zizibwe kwa utepe wa plastiki wa milimita 2. Varnishi pekee haitoshi, maana watu wanapiga deki kila siku na tambara hugusa kila kitu.

Vigurudumu chukua vya kipenyo cha milimita 75. Vya 50 huingia kwenye mifereji ya marumaru na meza ikasimama ghafla, vitabu chini. Chagua vya mpira wa kijivu usioacha alama. Vile vya poliyurethani vinavyosifiwa madukani, baadhi yake huoza kwenye joto na unyevu, vikamomonyoka kama soli ya kiatu kilichosahauliwa kabatini. Vya nailoni havifi, ila kelele zake kwenye marumaru ni mateso. Breki ziwekwe vyote vinne. Na mara mbili kwa mwaka mtu apindue meza, atoe nyuzi na nywele zilizojizungusha kwenye ekseli, atie grisi.

Kutu ya miguu mara nyingi huanzia ndani, haianzii kwenye rangi. Maji ya deki huingia kwenye bomba kwa chini na hayana pa kutokea. Ziba ncha ya chini kwa kizibo kinachobana, au bomba lote lichovywe zinki ya moto kabla ya rangi. Kwa jengo lililo karibu na pwani, hata chuma kisichoshika kutu cha daraja 304 hupata madoa. 316 ndicho kinachostahimili chumvi.

Kipimo: milimita 1400 kwa 700, kimo 730. Urefu uwe mara mbili ya upana, ndipo meza mbili zikiunganishwa ziwe mraba wa watu sita. Wateja watakuletea picha za meza za pembe nne zisizo sawa, zinazopangwa kama ua. Zinapendeza. Zikipangwa safu zinaacha pembe tupu kila mahali, na safu ndiyo watakayoitumia wakati wa mitihani.

Kituo chetu kina marumaru chini, jipsamu juu na vioo pembeni. Makundi matano yakizungumza, hakuna anayemsikia mwenzake. Tumeshauriwa tuweke mapazia. (Mkutubi, Pemba)

Mapazia mepesi hayatawasaidia. Tufanye hesabu ili muone ukubwa wa tatizo, tukitumia chumba cha mwalimu wa Tunguu, chenye mita za ujazo 307. Muda wa mwangwi kufifia, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo, ugawe kwa eneo linalomeza sauti. Marumaru, lipu na jipsamu isiyo na matundu humeza asilimia 2 hadi 5 tu ya sauti inayozigonga. Sakafu, dari na kuta zote za chumba hicho, kwa wastani, zinawapa kama mita za mraba 9 za kumeza. Watu 40 wanaongeza kama 16, na madirisha yaliyo wazi, mita za mraba 10, yanatoa 10 kamili, maana sauti iliyotoka dirishani hairudi. Jumla 35. Mwangwi unadumu sekunde 1.4. Mkifunga madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, unafika 2. Kwa mazungumzo ya makundi inatakiwa 0.6 hadi 0.8, zaidi ya hapo kila kundi linapaza sauti kulishinda jirani, na jirani naye anapaza.

Ili mfike 0.7 mnahitaji mita za mraba 70 za kumeza, yaani mna upungufu wa 35. Mbao za pamba ya mawe zenye unene wa milimita 50, zikimeza asilimia 70, zinatakiwa mita za mraba 50. Kwa vipande vya sentimita 120 kwa 60 ni vipande 70. Vining'inizwe darini kwa mistari kati ya mapangaboi, sentimita 20 chini ya dari, ili sauti iingie kwa juu na kwa chini. Msivibandike ukutani chini ya kimo cha mita 1.2; vitakuwa mito ya mabegi.

Usumba nao hufanya kazi hii. Nyuzi za kumbi la nazi zilizoshindiliwa kwa unene wa milimita 50 na kufunikwa kitambaa chepesi humeza vizuri sauti nyembamba na za kati. Sauti nzito za kiume hupenya zaidi, kwa hiyo acheni nafasi ya milimita 50 hadi 100 nyuma yake. Lakini usumba mkavu unashika moto haraka. Uchovywe kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, ukauke kabisa, na usikaribie taa wala waya. Kama hakuna wa kulisimamia hilo, nunueni pamba ya mawe. Mkeka uliobandikwa moja kwa moja kwenye lipu ni pambo, na hatuupingi kama pambo.

Soketi ziko nne tu, kila mtu anakuja na ekstensheni yake, sakafu imejaa waya. Kwa nini wasiweke soketi za sakafuni? (Mwanafunzi, Wete)

Kwa sababu ya deki. Kisanduku cha sakafuni hufunguliwa, kifuniko kikavunjika mwezi wa tatu, maji ya sabuni yakaingia. Pale panapopigwa deki kwa ndoo, umeme ushuke ukutani.

Hapa tunao mtindo wetu tayari: baraza. Jengeni baraza mbili za kudumu kwenye kuta fupi, kimo sentimita 45, kina 45 hadi 50, kila mtu sentimita 60. Kuta mbili za mita 8 zinaketisha watu 26 bila kiti hata kimoja cha kusogeza. Soketi za matundu mawili ziwe ukutani, sentimita 25 juu ya kikalio, kila baada ya mita 1.2. Katikati ya chumba panabaki huru kabisa, na anayetaka chaji anakaa pembeni. Ukitazama vyumba vinavyobadilika kwa urahisi, vingi viko hivyo: umeme, ubao na kabati vimetulia pembeni, na kinachohama ni chepesi.

Mzigo si mkubwa. Kompyuta za mkononi 40 za wati 65 ni wati 2,600. Kwa volti 230 ni ampea 11.3. Sakiti mbili za ampea 20 kwa waya wa milimita za mraba 2.5 zinatosha na kubaki, moja kwa kila nusu ya chumba, kila moja na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Anayekumbuka miezi ile mitatu bila umeme Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, ataomba pia akiba. Taa 16 za wati 18, mapangaboi manane ya wati 70 na kifaa cha intaneti ni chini ya wati 900. Betri ya volti 24 na ampea-saa 150 itaviendesha saa tatu. Kompyuta ziachwe nje ya hesabu hiyo, zina betri zake.

Chuo kimepewa nyumba ya ghorofa mbili Shangani. Tunataka kuvunja kuta mbili za ndani tupate ukumbi. Inawezekana? (Msimamizi wa majengo)

Hapana. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa kipimo cha boriti ya mkoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini upana haupiti sana mita 3. Ukuta unaotaka kuuvunja ndio unaobeba boriti. Isitoshe, mji umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya namna hiyo yanapitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kwanza.

Badilisheni matumizi, kuta ziacheni. Vyumba virefu vyembamba vinafaa sana kujisomea na makundi ya wanne wanne. Meza nyembamba ya sentimita 60 kando ya ukuta inaacha njia ya kutosha. Mikutano mikubwa iende uwani. Ikiwa uwa umefunikwa, viti vya kupandanisha na projekta moja vinatosha. Vitabu vikae chini kabisa: mita moja ya vitabu vilivyosimama ina uzito wa kilo 30 hivi, kwa hiyo kabati la pande mbili la ngazi sita ni kilo 360 kwa kila mita ya urefu, na sakafu ya boriti haikuwekewa mzigo huo. Msitoboe kuta kutundika rafu, kwani mawe ya matumbawe humeguka na skrubu haikai. Tumieni kabati za kusimama zenye miguu ya kurekebisha. Wala msipige lipu ya saruji juu ya chokaa. Unyevu unaopanda ukutani hukosa pa kutokea, ukabandua lipu yenyewe pamoja na jiwe.

Tumekosa chumba cha sala, tunaweza kutumia nusu ya chumba cha kusomea? (Katibu wa jumuiya ya wanafunzi)

Mnaweza kwa Adhuhuri na Alasiri, ikiwa ratiba ya madarasa imelizingatia. Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwetu, nayo nusu ya chumba kile cha Tunguu ina mita 6 upande wa kibla, kwa hiyo safu ina watu tisa. Kila safu inataka mita 1.2, zikaingia safu sita, jumla 54. Mlango usiwe ukuta wa kaskazini, aliyechelewa asipite mbele ya wanaosali. Majamvi yaviringishwe na kusimamishwa stoo. Yakilazwa yakiwa na unyevu yanaota ukungu. Rafu ya viatu ya jozi 54 iwe nje ya mlango, na pa kutawadhia pawe karibu lakini pasipakane na chumba, sakafu yake ikiteremka asilimia 2 kuelekea mfereji. Wanawake wapewe nusu ya pili, kiambaza kikiwa kimefungwa, na mlango wao.

Ubao wetu mweupe wa magurudumu huangushwa na upepo wa kusi, na maandishi ya zamani hayafutiki. (Mkufunzi, Beit el Ras)

Kitako ni chembamba. Ubao wa sentimita 180 kwa 120 ni tanga. Unataka kitako cha sentimita 60 au zaidi kutoka mbele hadi nyuma, na uzito chini. Jazeni mchanga mkavu, usio wa pwani, kwenye mabomba ya kitako na kuziba ncha. Maandishi yasiyofutika ni dalili ya melamini iliyokwaruzika, wino umeingia ndani. Spiriti itausafisha leo na kuuchakaza zaidi kesho. Ubao unaofuata uwe wa chuma kilichopakwa enameli.